Sauti zimenyamaza, mbona anagawa vitu vyake?

SWALI: Hujambo sista? Mimi ni fundi cherehani, nashona Kibuye hapa Kisumu. Mdogo wangu ana miaka 24 na ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo. Alitoka hospitali mwezi jana, zile sauti zimeisha, dawa anameza nikimwona. Mtaani wanasema amepona. Lakini halali, omena hagusi, na Jumamosi alimpa mtoto wa jirani jezi yake ya Gor Mahia, ile aliyokuwa hataki hata tumfulie. Mama anasema ni dawa zinamchosha, nimwache. Nimwache?

JIBU: Usimwache, dada. Hiyo jezi imenishtua: anayegawa kitu anachokipenda hivyo huenda anaaga.

Watu humwogopa mgonjwa anayebishana na ukuta. Mimi humhofia zaidi aliyetulia, akaanza kuhesabu alivyopoteza: masomo, kazi, marafiki. Majuma ya kwanza baada ya kutoka wodini yana hatari kubwa. Kati ya watu 100 wenye skizofrenia, kama 5 hufa kwa kujiua, wengi wao miaka ya mwanzo ya ugonjwa.

Mama hajakosea kabisa. Dawa huchosha, na nyingine humfanya mtu ashindwe kutulia, atembeetembee usiku kucha. Daktari aambiwe, abadilishe. Mdogo wako asiziache ghafla.

Leo jioni, mkiwa wawili, muulize: "Unafikiria kujiua?" Swali halimtii wazo kichwani. Zamani nilikuwa nazungukazunguka, nikauliza mgonjwa mmoja kama ana mawazo. Akacheka: "Sista, nani hana mawazo?" Tangu siku hiyo nalitaja neno lenyewe.

Akikubali, asibaki peke yake hata dakika moja. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Akikataa, kliniki ni kesho asubuhi, msingoje tarehe ya kadi. Huzuni hii ina matibabu yake, na mawazo ya kujiua yakizidi kurudi, ulizeni kuhusu klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, ingawa itabidi apimwe damu mara kwa mara. Dawa zake zote uziweke wewe, na za shambani zitoke nyumbani. Ukilemewa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Polisi wasiwatie hofu: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Na jezi usiende kumnyang'anya mtoto wa watu. Anzia hapo tu: "Mbona uliitoa?" Halafu unyamaze, hata akikawia kujibu.