Kabla ya kusema mtoto amechelewa, rudieni hesabu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: mjamzito wa mtoto wa pili tarehe imempita, nyumba imejaa ndugu waliokuja kusaidia, na mtoto haji, wasaidie vipi? Jibu hili linatoka kwa wakunga, Tanga mjini, na linaelekezwa kwa hao ndugu kuliko kwa mama mwenyewe. Yeye keshaambiwa mengi.

Kazi ya kwanza ni kalenda, wala si dawa. Hapa pwani maneno "miezi tisa imetimia" husemwa kwa hesabu zaidi ya moja, na kila hesabu inaangukia siku yake. Kliniki huhesabu siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Bibi anayefuata mwandamo anatumia miezi ya siku 29 au 30, na tisa ya namna hiyo ni siku 266 hivi, ambazo ni wiki 38 tu. Chukueni mama aliyeanza hedhi yake ya mwisho siku ya Idi, mosi ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mfunguo Tisa ukiisha na Rajabu ikiandama, bibi atasema miezi imekamilika, na kila kukicha ataona mtoto amechelewa siku moja zaidi. Kumbe tarehe yenyewe ni kama 15 Rajabu. Wiki 41 zinatimia 22 Rajabu, na wiki 42 tarehe 29.

Shangazi naye anaanzia pale hedhi ilipokosekana, wiki nne baada ya ile ya mwisho. Akimaliza miezi yake tisa ya mwandamo, mimba ina wiki 42. Wote wawili wametamka "tisa", lakini mmoja ametangulia wiki mbili na mwingine amechelewa wiki mbili. Bibi anawahangaisha watu bure. Shangazi ndiye wa kuogopwa, kwa sababu anawatuliza watu siku ambayo mama alitakiwa awe ameshafika hospitali.

Kwa kalenda ya ukutani hesabu ni rahisi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha sogeza miezi 9 mbele. Hedhi ya 10 Januari inakupa 17 Oktoba. Wiki 41 ni 24 Oktoba, wiki 42 ni 31 Oktoba. Ambaye mzunguko wake ni wa siku 35 badala ya 28 aongeze wiki moja nyingine. Mwanamke anayeswali ana kumbukumbu nzuri kuliko anavyodhani: siku aliyoacha swala, au siku za Ramadhani anazodaiwa kulipa, mara nyingi ndiyo tarehe ile ile ambayo kliniki wanaitafuta. Muulizeni kwa njia hiyo, atakumbuka.

Kwa mtoto wa pili kuna tatizo ambalo kwa kifungua mimba halikuwapo. Wengi hushika mimba wakiwa bado wananyonyesha, au wametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, kabla hedhi haijarudi vizuri. Hapo hakuna "hedhi ya mwisho" ya kuhesabia, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya kukisia. Kinachosaidia ni utrasaundi ya mapema. Iliyopigwa ndani ya wiki 14 za mwanzo hukosea siku chache tu, na kabla ya wiki 24 bado inaaminika. Iliyopigwa mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea hadi wiki tatu, maana wakati huo inapima ukubwa wa mtoto, na watoto hawalingani. Kosa tunaloliona sana ni familia kushika karatasi ya mwisho kwa kuwa ndiyo mpya. Shikeni ya kwanza. Kama hakuna hata moja, mama akumbuke mtoto alianza kucheza lini: kwa mimba ya pili huwa wiki ya 16 hadi 18, mapema kuliko ile ya kwanza. Haitoshi peke yake, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Sasa tarehe imehakikiwa, na kweli imepita. Siku mbili, tatu, tano za kupita si ugonjwa. Kati ya watoto 20 ni kama mmoja tu anayezaliwa siku yenyewe iliyoandikwa kwenye kadi. Ila mpaka upo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama ambaye ni hakika ametimiza wiki 41 aanzishiwe uchungu, na sababu yake inaeleweka bila kusoma kitabu. Kondo la nyuma linachoka, halilishi tena kama zamani. Maji ya chupa, ule mfuko unaomzunguka mtoto tumboni, yanapungua, kitovu kinaweza kubanwa. Mtoto anaweza kujisaidia humo ndani na kuvuta uchafu ule mapafuni. Mwingine anazidi kunenepa, kichwa kinatoka na mabega yanakwama. Hatari ya mtoto kufia tumboni ni ndogo, lakini baada ya wiki 41 inapanda, na baada ya 42 inapanda zaidi. Kwa hiyo ndugu wakubaliane mapema juu ya siku yenyewe, kabla ya joto la mabishano: wiki 41 zikitimia, asubuhi yake mama anapelekwa na kadi yake, hata kama hana uchungu wowote.

Kabla ya siku hiyo kuna jambo moja la kuangaliwa kila siku, nalo ni mchezo wa mtoto. Saa ile ambayo huwa anacheza sana, mara nyingi usiku baada ya chakula, mama alale ubavu wa kushoto, aweke mkono tumboni na kuhesabu. Saa mbili zikipita bila kufikisha michezo 10, au akiona mtoto amepoa kuliko kawaida yake, aende hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje kupambazuke. Ule usemi kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hulala kujitayarisha umeua watoto. Mtoto wa mwisho wa mimba hujinyoosha na kusukuma zaidi ya kurusha teke, sawa, lakini haachi kucheza. Safari ya saa hiyo hiyo pia ni kwa mama anayetoka damu, anayevuja maji (hasa yakiwa ya kijani au kahawia), anayeumwa kichwa kisichopoa, anayeona ukungu, au aliyevimba uso na mikono.

Tuje kwenye vikombe, maana nyumba yenye ndugu wengi haikosi kikombe. Tende ziwekwe sahanini bila wasiwasi. Bibi Maryamu aliambiwa atikise shina la mtende akiwa katika uchungu, na tende sita au saba kwa siku zinampa nguvu mama asiye na kisukari. Kombe la zafarani, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa, kwa mwenye imani nalo liandikwe kwenye sahani safi na kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa, na linywewe wakati bajaji inaitwa, si badala ya kuiita. Mafuta ya nyonyo hapana: yanaendesha tumbo, mama anaishiwa maji na nguvu, na anaingia kwenye uchungu akiwa ameshachoka. Mizizi na majani ya "kuongeza uchungu" hapana kabisa. Baadhi yana nguvu kweli, na hiyo ndiyo shida yake. Hakuna anayejua kiasi gani kimo kwenye kikombe, mji wa mimba unajikaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mji huo ukiwa na kovu la upasuaji unaweza kupasuka.

Vile vile msitume mtoto duka la dawa akalete vidonge vya kuanzisha uchungu. Kidonge kimoja cha misoprostoli kwa kawaida kina mikrogramu 200, na kipimo cha kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane, tena mama akiwa kitandani anapimwa. Anayekimeza kizima nyumbani amemeza dozi nane kwa mpigo.

Kuhusu radhi. Mjamzito akipitisha tarehe, baadhi ya nyumba huanza kumuuliza amemkosea nani. Kutakiana radhi na mume, mama mkwe na wazazi ni jambo jema, lifanyike kwa upole siku yoyote. Lakini asikalishwe katikati ya wifi na mashangazi akahojiwa kama mshitakiwa. Siku za mimba hazirefushwi na kinyongo, na mama anayelia usiku kucha halali, hali, na anapofika chumba cha kujifungulia hana pumzi.

Hospitali nako ndugu wajue kinachofanyika, ili wasimtoroshe mgonjwa wao. Mkunga anaweza kwanza kupitisha kidole kwenye shingo ya kizazi na kuachanisha chupa na ukuta; inauma kidogo na damu kidogo huonekana, na mara nyingine uchungu unaanza ndani ya siku mbili bila kitu kingine. Kama shingo bado ngumu, hutumika dozi ndogo za dawa au mpira mwembamba wenye puto, kisha dripu. Inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima na zaidi. Kwa mtoto wa pili kwa kawaida huwa haraka kuliko wa kwanza, lakini msipige simu kila nusu saa. Aliyejifungua kwa upasuaji mara ya kwanza yeye ana njia yake: misoprostoli haimfai, zahanati haimfai, na mpango wake ulitakiwa kuandikwa na daktari kabla tarehe haijafika. Huyo aende penye chumba cha upasuaji, kama Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Na uchungu ukija wenyewe? Hapa ndugu wa mtoto wa pili hukosea kwa kuzoea wa kwanza. Wanakumbuka mara ile alikaa usiku kucha, basi wanapika kwanza. Uchungu wa pili unaweza kukimbia. Halafu msingoje "tumbo lishuke", kwa sababu mtoto wa pili anaweza kubaki juu mpaka uchungu wenyewe uanze. Maumivu yakija na kuondoka kwa mpangilio, kila dakika 10, na hayatulii akitembea wala akioga maji ya uvuguvugu, ondokeni. Anayetoka Tongoni au Pongwe aondoke mapema kuliko wa Ngamiani, na wakati wa masika mapema zaidi. Muwe na namba za madereva wawili wa bajaji waliokubali kuamshwa usiku. Bodaboda si chombo cha mwenye uchungu. Likiwa jambo la dharura, damu au kifafa, pigeni 115, simu ya bure ya usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga.

Begi likae mlangoni tangu wiki ya 37: kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, doti tatu za khanga zilizofuliwa na kupigwa pasi, mpira wa kulalia mita mbili, pamba, glavu, kibana kitovu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, nguo na kofia ya mtoto, chupa ya chai, na fedha taslimu kidogo kwa sababu mtandao wa simu una siku zake. Ulizeni kliniki yenu nini kingine wanahitaji. Katika ndugu wale, wawili wenye afya na uzito usiopungua kilo 50 wakubaliane mapema kwamba damu ikihitajika wao ndio wa kutoa. Huo ni msaada mkubwa kuliko masufuria yote ya supu.

Neno kuhusu mama mzazi wa mjamzito, anayetoka mbali, Pemba au Lushoto. Msimwite kwa tarehe ya kadi. Atakaa wiki mbili akitazama tumbo, na mtoto akija yeye nauli na ruhusa zimekwisha. Aje mtoto akishazaliwa, arobaini ndiyo inayomhitaji: kufua, uji wa pilipili manga, kumshika mchanga mama apate kulala. Kabla ya hapo anayehitajika ni jirani, mtu wa mlango wa pili, anayeweza kufika saa nane usiku ndani ya dakika tano na kubaki na mtoto mkubwa.

Maana kuna huyo pia, na yeye husahauliwa. Alale kwa jirani au kwa bibi usiku mmoja, kisha siku mbili, kabla ya haja kufika, na mto wake na kikombe chake, ili usiku wenyewe usiwe wa kwanza. Asiambiwe mdogo wake anakuja "kesho" kila siku. Aambiwe atakuja, basi. Kama bado ananyonya na mimba haina tatizo, msimwachishe ziwa wiki hizi za mwisho, atajiona amefukuzwa na mgeni. Na siku mama anarudi, mchanga abebwe na wifi au baba, mama apite mlangoni mikono ikiwa mitupu, amkumbatie mkubwa kwanza.