Mwanangu, hiyo laki tatu usiipokee kwanza

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na namshukuru Mungu kwamba wewe na mdogo wako mko salama. Umeniuliza kama uchukue laki tatu anazokupa mwenye Canter aliyekugonga nyuma pale njia ya kuingia stendi ya Nzuguni, mmalizane, kwa sababu amekuambia bima yako ni ndogo na haitakulipa kitu. Usichukue, na usitie sahihi karatasi yoyote aliyoandika yeye.

Kuhusu bima yako hakukudanganya, ila amekuambia nusu. Ile bima ya laki moja na kitu uliyokata haitengenezi gari lako. Kazi yake ni kumlipa mtu utakayemuumiza au kumharibia mali. Sasa geuza upande: yeye ndiye aliyekuharibia, na sheria haimruhusu kuwa barabarani bila angalau bima kama hiyo hiyo. Kwa kampuni yake, wewe ndiye mtu wa tatu. Kwa hiyo acha kuumiza kichwa na bima yako, tafuta habari za bima yake. Namba za gari unazo kwenye picha. Ziingize kwenye mfumo wa kuhakiki stika wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, utaona kama ina bima hai na ni ya kampuni gani. Stika au karatasi ya bima atakayokuonyesha peke yake usiiamini, ziko za kughushi na ziko zilizokwisha muda.

Halafu hiyo laki tatu ameipataje? Amehesabu bampa. Nimeikuza ile picha uliyonitumia: upande wa kushoto mlango wa buti umekaa sawasawa na taa, upande wa kulia kuna upenyo wa kupitisha kidole. Bampa ni plastiki, ikigongwa hujirudi. Bati la ndani na sakafu ya buti havijirudi. Mpaka fundi wa bodi afungue ndipo utajua kama ni kunyoosha tu au ni kukata na kuchomelea, tena uongeze rangi. Miaka niliyoshika mafaili ya ajali kwenye kampuni ya malori, makadirio yaliyofanywa kando ya barabara yalikuwa yanatosha kwa nadra sana.

Kabla ya gari, mdogo wako. Umeandika kwa kupitia tu kwamba shingo inamkaza. Mpeleke leo hii. Chukueni PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni, kisha nendeni General, hospitali ya mkoa. Akizidiwa, hospitali kwanza, PF3 itafuata. Madhara ya mwili nayo yanadaiwa kwenye bima ya yule bwana, lakini bila PF3 na karatasi za daktari za siku hizi za mwanzo, baadaye watasema shingo iliumia kwingine.

Umesema trafiki alifika akapima. Rudi kituoni upate namba ya jalada, na ufuatilie ramani ya tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari na ripoti ya mwisho inayosema kosa ni la nani. Kama dereva wa Canter amekubali kosa na kulipa faini, omba nakala, ni ushahidi mzito. Utazungushwa. Nenda tena kwa adabu, na kila unayeongea naye andika jina lake na tarehe.

Kisha andika barua ya madai kwa mwenye gari, nakala uipeleke mwenyewe kwenye kampuni yake ya bima, wakugongee muhuri wa kupokea. Yeye pia anatakiwa kujaza fomu kwao, na hapo ndipo wengi wanapokwepa, simu hazipokelewi. Barua yenye muhuri inakulinda. Gari lisiguswe na fundi mpaka mkadiria hasara wao alione.

Kampuni yako nayo ipe taarifa, ingawa haikulipi. Yule bwana anaweza kugeuza maneno kesho akasema ulifunga breki ghafla, na mkataba wako unakutaka utoe taarifa mapema. Na mahali popote usiandike kwamba unakubali kosa. Eleza kilichotokea, basi.

Hapa nina swali, na unijibu kweli. Asubuhi ile ulikuwa umebeba abiria wa kulipa? Najua maisha ya mjini, sikulaumu. Lakini bima yako ni ya gari binafsi, na ukiandika uongo kwenye fomu ukagundulika, dai lote linaharibika, hata lile ambalo haki ilikuwa yako. Kama ulibeba, tuongee kabla hujajaza chochote.

Ukifika wakati wa kulipwa, watakuletea hati ya kukubali malipo. Isome neno kwa neno. Ikiandikwa kwamba unapokea malipo kamili na ya mwisho, ukishasaini mlango umefungwa. Mwenzetu mmoja ofisini alisaini kwa haraka akitaka gari litoke gereji, wiki chache baadaye fundi akakuta chasisi imepinda. Alirudi kwenye ile kampuni wakamwonyesha sahihi yake. Iliniuma, kwa sababu alikuwa na haki yote. Wakikupa pungufu, wajibu kwa maandishi na uambatanishe makadirio ya fundi. Wakikataa bila sababu, TIRA makao makuu yako hapo hapo Dodoma, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa kesi za namna hii.

Shukuru pia kwamba ni gari la hapa nyumbani. Njia hiyo inapita malori ya Rwanda na Burundi. Siku likikugusa mojawapo, dai kadi ya njano ya COMESA kabla halijaondoka, maana hiyo ndiyo bima yake huku kwetu.

Sisemi kumalizana ni dhambi. Kama daktari amesema shingo haina neno, fundi amefungua gari na kuandika gharama, na yule bwana yuko tayari kulipa zote kwa benki mbele ya shahidi, mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia pokea. Hata wewe utapumzika na safari za kituoni. Lakini leo hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi kutoka Kongwa. Niwekee karatasi zote kwenye bahasha moja, na picha usifute hata moja. Yule bwana akipiga simu tena, mwambie unasubiri daktari na fundi, na akupe jina la kampuni yake ya bima.

Mama yako