Kabla hujapandisha mlingoti, chungulia konekta

Jana nimemtazama kijana mmoja akipandisha nguvu ya ruta hadi mwisho, akaiwasha upya, akapima kasi, akatikisa kichwa, akaiwasha upya tena. Mara nne. Nilinyamaza nione kama atashika kebo hata moja. Hakushika. Haya, wadogo zangu mnaojenga meshi, yaani mtandao wa ruta zinazopokezana data kwa redio, kaeni kitako. Nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Pima hopu moja moja, yaani kila mruko kutoka nodi (ruta) moja hadi nyingine. Mtu yuko nodi ya nne, simu yake iko kwenye Wi-Fi, anafungua tovuti ya kupima kasi halafu analalamika kwamba meshi ni mbovu. Redio moja haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile. Megabiti 20 za hopu moja zikifika 10 kwenye hopu mbili na 6 kwenye tatu, hapo hakuna kilichoharibika. Na ile megabiti 54 mnayoiona kwenye skrini ni kasi ya hewani. TCP, yaani data halisi inayofika, ikikupa 20 na kitu, shukuru. Chomeka laptopu kwa kebo kila upande, endesha iperf, programu ya kupima kasi, andika namba daftarini. Usiiendeshe ndani ya ruta yenyewe, utakuwa unapima prosesa.

2. Chungulia konekta, vile vichwa vya kuunganishia kebo na antena. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa na linki, yaani muunganisho wa redio kati ya nodi mbili, ya kilomita 1.2, masafa ya 2.4 GHz, pande zote zinaonana bila hata mti. Nilipiga hesabu vizuri: redio inatoa 20 dBm (nguvu ya mawimbi kwa desibeli), antena inaongeza dBi 12 kila upande, kebo zinakula desibeli 2, njia inakula 102. Jibu ni -60 kwa anayepokea; namba ikizidi kushuka chini ya hapo, mawimbi ni hafifu zaidi. Nikapanda, nikafunga, nikashuka nikijipongeza. Skrini ikaniambia -83.

Fundi mwenye akili angejiuliza desibeli 23 zimeenda wapi, kwa sababu desibeli 23 si upepo wala mawingu, ni nguvu iliyogawanywa kwa 200. Mimi sikujiuliza. Nilibadilisha chaneli, ya 1, ya 6, ya 11, kisha nikarudia. Nikapandisha nguvu. Nikaongeza mlingoti mita tatu, kazi ya siku nzima na watu wawili wa kushika kamba. Ikaja -82. Nikashangilia! Desibeli moja, nami nashangilia kama aliyefunga goli. Wikiendi ya pili nikabadilisha ruta. Wikiendi ya tatu nikaanza kumshuku jirani kwamba ana mtambo unaoharibu mawimbi, na nikawaeleza watu hivyo kwa sauti ya mtaalamu.

Kilichonidanganya ni kwamba linki ilikuwa hai. Ingekufa kabisa ningeanza kutafuta kilichokatika. Lakini ilikuwa inajibu ping, ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili upo, inapata megabiti moja, inakatika, inarudi, nami nikaamini vifaa ni vizima ila hewa ndiyo mbaya.

Siku ya kukata tamaa nilifungua antena ili niirudishe ilikotoka. Aliyekuwa ananishikia ngazi, mgeni kabisa kwenye kazi hii, akaipokea, akatazama kichwa cha antena, akatazama kichwa cha kebo, akauliza kwa upole, "Hizi zote ni matundu. Zinagusana wapi?"

Antena ilikuwa na konekta ya aina ya RP-SMA, kebo ya kurefushia ilikuwa na ya SMA. Nyuzi zinaingiliana safi kabisa, unakaza hadi mwisho, lakini katikati tundu linatazamana na tundu. Hakuna pini. Wiki tatu nzima mawimbi yalikuwa yanaruka ule mwanya kama mtu anayevuka mtaro. Tulipoweka kebo sahihi ikasoma -61. Yule jirani sikumwomba radhi, kwa kuwa hakujua kama nilimshtaki.

3. Ruta ya zamani yenye matundu mawili ya antena, ukiweka antena moja ya nje, ingia kwenye mipangilio uiambie itumie tundu hilo tu, kupokea na kurusha. Vinginevyo kuna nyakati itasikiliza tundu tupu.

4. RG-58, ile kebo nyembamba ya antena, inakula takriban desibeli moja kila mita kwenye 2.4 GHz. Mita kumi, umebaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu. Pandisha ruta juu kwenye boksi lisiloingia maji, ushushe kebo ya Ethernet.

5. Antena zote zisimame, au zote zilale. Moja imesimama na nyingine imelala, utapoteza desibeli 20 huku umeduwaa. Na omni, antena inayorusha pande zote, ikiwa na dBi kubwa inabana mawimbi yawe bapa kama sahani: anayekaa chini ya mlingoti wako atakuwa wa mwisho kukusikia.

6. Kuonana kwa macho hakutoshi. Linki ya kilomita moja ya 2.4 GHz inataka nafasi ya mita 5.6 kuizunguka pale katikati, angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Ikiwa nzima kiangazi na mbovu kila baada ya mvua, ama ni majani mabichi ama maji yameingia konekta. Mimi huanza na konekta, mnajua kwa nini. Utepe uzungushwe kuanzia chini kwenda juu, kama vigae vya paa, si juu kwenda chini.

7. Punguza upana wa chaneli kutoka MHz 40 hadi 20. Najua inauma. Jaribu tu.

Kijana wa jana? Ilikuwa kebo ya Ethernet. Kichwa chake, RJ45, kilibanwa vibaya, poti ikashuka hadi megabiti 10, redio ikiwa nzima muda wote. Leo asubuhi nimekuta koleo langu la kubania limerudishwa mezani, pamoja na kile kichwa kibovu alichokikata.