Mke harithi, wosia wake umetoka wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma sheria, na nimekwama. Katika Torati mke hamrithi mumewe, na binti harithi penye mtoto wa kiume. Mbona wanawake wa Kiyahudi wa Italia karne ya 16 walikuwa na mali na wakaandika wosia? Waliivunja sheria yao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hawakuivunja. Kanuni umeisoma sawasawa: katika Hesabu 27, mabinti wa Selofehadi wanapewa urithi kwa sababu baba yao hakuacha mwana. Tena umesahau iliyomlemea mwanamke kuliko zote: mume ndiye anayemrithi mkewe.

Njia ilikuwa hiba. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema ukitamka kwamba asiye mrithi wako "atakurithi," maneno hayo ni bure. Lakini ukiandika popote katika hati, mwanzoni, katikati au mwishoni, kwamba unatoa kama zawadi, hati inasimama. Neno moja tu! Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu watafute kitenzi kabla ya kutazama orodha ya mali.

Maneno yaliyozoeleka ni "tangu leo na baada ya kufa kwangu." Nyumba inahama leo, ila mwenyewe anaendelea kukaa humo na kula kodi yake mpaka afe. Ili jambo lifungike, shahidi humpa mtoaji kitambaa kwa niaba ya anayepewa. Akikishika na kukiinua, mali imeshahama.

Wayahudi wa Ujerumani na Poland walikuwa na ufundi mwingine kwa ajili ya mabinti. Baba alijiandikia deni kubwa kwa bintiye, la kulipwa saa moja kabla ya kifo chake, isipokuwa kaka zake wampe nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Kaka gani angechagua kulipa deni? Aliyezoea mirathi ya Kiislamu atalitambua fungu hilo mara moja, lakini huku halikuwa haki ya binti. Baba asipoandika, hapati.

Mjane naye alisimama kama mdai. Kabla warithi hawajagawana, hulipwa ketuba yake, yaani ahadi ya fedha iliyo katika mkataba wa ndoa, pamoja na mali aliyokuja nayo kutoka kwao. Na kwa kuwa hana tena mume wa kumrithi, yeye ndiye aliyekuwa huru zaidi kuamua mali yake iende kwa nani.

Ugumu ulikuja hati ilipoandikwa na notari Mkristo, yaani mwandishi rasmi wa hati za kisheria. Yeye alifuata sheria ya Kirumi, ambayo humo kumtaja mrithi ndio moyo wa wosia, na hilo ndilo neno ambalo Mishna inalikataa. Samuel Abravanel, tajiri wa Kiyahudi, alipofariki Ferrara, Italia, mwaka 1547, wosia wake ulimwachia mali mkewe, Benvenida. Mwana wa Samuel aliyezaliwa nje ya ndoa akaupinga, na swali lililofika kwa marabi ni hilo hilo lako. Benvenida, wakati huo, alikuwa akiendesha biashara ya fedha pamoja na wanawe, hadi Toscana, kwa kibali cha mtawala wa huko, Cosimo wa Medici. Anzia kwenye kesi hiyo.