Nina bastola nne na paa la mama halijaisha, niuze ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mtoto wa Ngamiani ila niko Texas mwaka wa 14 huu. Nina bastola nne, zote za halali. Kuna Glock 19 ya Gen 3, yaani toleo la tatu, niliyonunua mpya 2012 nikaibadilishia triga na kuiwekea saiti (vile vya kulengea) za kuwaka gizani, kuna Browning Hi-Power ya zamani niliuziwa na mjane wa jirani yangu, kuna Smith & Wesson ya silinda anayoitumia mke wangu, na Ruger Mark III ya risasi ndogo za .22. Paa la mama limebaki upande mmoja na bati zinatakiwa mwezi huu, kama milioni moja hivi, alafu mwakani mwishoni tunarudi nyumbani jumla. Nawaza niuze Browning maana ndo yenye hela na imelala tu kwenye mfuko wake wa ngozi, nianze kwa kuipeleka ikapigwe rangi mpya. Au niuze hiyo ya silinda coz ni ya kizamani? Na je, naweza kuja na moja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa hiyo Browning usiipeleke popote kupigwa rangi, kama ushapanga na fundi mpigie simu sasa hivi umwambie basi, alafu rudi uendelee kusoma.

Nimekaa kwenye benchi ya ufundi ya duka la silaha hukohuko Texas miaka 9 kabla sijarudi Tanga kuhangaika na mashine za boti pale Deep Sea, na kilichokuwa kinaniuma kuliko vyote ni mtu anaingia na bastola ya miaka 50 inang'aa kama sufuria ya harusi, kailipia hela nzuri ing'ae hivo, mwenye duka anaitupia jicho mara moja tu anataja bei ya chini kuliko ambayo angeitaja ikiwa na mikwaruzo yake. Ili ipigwe rangi upya lazima chuma kisuguliwe kwanza, na kikisuguliwa kona kali zinakuwa za mviringo, maandishi yanafifia, vile vialama vidogo vya ukaguzi vya Ubelgiji vinalika. Mnunuzi wa Browning ya zamani ananunua hivyohivyo vialama na ile rangi ya kiwandani hata kama imechakaa, ikishaondoka hairudi. Na itoe kwenye huo mfuko wa ngozi leoleo, ngozi inanyonya unyevu na dawa za kuilainishia zinakula chuma taratibu, ukikuta kutu kidogo weka mafuta na kitambaa basi, msasa weka mbali.

Sasa hilo la uuze ipi. We umeanza na hela, mi naanza na muda. Una mahitaji ya aina mbili umeyachanganya kwenye kapu moja, kuna bati za mwezi huu na kuna kuondoka mwakani ambako hizo zote nne itabidi uachane nazo. Kwa hiyo swali lako ni ipi itangulie na ipi ibaki nyuma, na hapo jibu langu ni Glock itangulie.

Najua utasema Glock ndo ya kisasa, ndo ya kazi. Sawa, ila ya kazi kwa nani? We mwenyewe umesema mke ana yake, na kwenye maelezo yako yote hujaitaja hata mara moja kwamba unaipiga. Glock 19 ipo sokoni toka 1988 na zimetengenezwa nyingi mno, kila mtu anaijua, magazini (kile kisanduku cha risasi) ya risasi 15, risasi zenyewe za 9mm, vipuri kila duka, hakuna wa kuuliza ilitoka wapi wala nani aliimiliki. Kwetu wanasema waja leo waondoka leo, basi Glock ndo hiyo, unaipeleka duka asubuhi mchana una hela. Na siku ukiitaka tena unaikuta nyingine hiyohiyo kwa bei hiyohiyo. Usitegemee makubwa lakini, ya Gen 3 iliyotumika mi ningekaa mkao wa dola 400 na kidogo kwa mtu binafsi, dukani chini ya hapo maana na wao wanataka kula.

Kabla hujaiuza irudishie triga yake ya kiwandani. Watu wanadhani hela waliyotia kwenye mapambo inarudi, hairudi, tena wengine wakiona triga ya kubadilisha wanaogopa kwamba umechezea na ndani. Hiyo triga uliyoiweka we iuze peke yake. Na hizo saiti za kuwaka gizani usizipigie debe sana, ule mwanga unatokana na tritiamu, gesi yenye mionzi ambayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushee, zako za 2012 zishavuka hapo, mnunuzi atazifunika kwa kiganja tu ataona zimesinzia.

Browning ni habari nyingine kabisa na hapa ntakaa kidogo maana naipenda, nikubali tu. John Browning, yule Mmarekani mbunifu wa silaha, aliianza mwenyewe akafia Liège, Ubelgiji, mwaka 1926 ndani ya kiwanda cha silaha cha FN kabla haijaisha, Mbelgiji Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13 wakati bastola nyingi za siku zile zinabeba saba au nane. Majeshi kibao yaliibeba, Waingereza wenyewe walikaa nayo mpaka 2013 walipoamua kuhamia Glock. Angalia sasa maajabu ya biashara, jeshini Glock ndo ilimng'oa Browning, ila ukiziweka mezani kuziuza Browning nzuri ya Ubelgiji mara nyingi inapita bei ya Glock mbili zilizotumika.

Mara nyingi, nimesema. Inategemea ni ipi na inategemea imekutana na nani. Toa magazini, rudisha slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) nyuma, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, haina kitu, alafu angalia ubavuni kama imeandikwa imetengenezwa Ubelgiji tu au imeungwa Ureno, za baadae ziliungwa Ureno na wakusanyaji wanazilipia pungufu japo kwa kupiga hazina tofauti. Kisha fungua uangalie namba. Za zamani namba inakuwa kwenye fremu (kile kiwiliwili chenye mpini), kwenye slaidi na kwenye mtutu, zote tatu zikilingana umeshika kitu, mtutu ukiwa na namba yake mwenyewe ujue ulibadilishwa na bei inashuka. Jambo lingine, ikiwa bado haina risasi na magazini iko nje, elekeza mahali salama vuta triga. Nyundo isipoanguka ndo ilivyotoka kiwandani, ikianguka kuna mtu alishang'oa kale kachuma kanakoizuia isipige magazini ikiwa nje, wapigaji wengi wanakang'oa ili triga iwe laini. Siyo kosa kubwa ila mwambie mnunuzi kabla hajagundua mwenyewe. Na ile mpya FN waliyotoa 2022 isikuchanganye, vipuri vyake haviingiliani na vya hii yako.

Bastola ya hivi haitaki mwenye haraka. Mnunuzi wake yupo ila siyo yule wa kwanza kuingia dukani, pengine yuko jimbo lingine anatafuta mwaka huohuo wa kwako. Ukienda nayo mwezi huu ukiwa na bati kichwani, muuzaji atakusoma usoni tu. We una mwaka mzima na zaidi. Ipige picha kwenye mwanga wa jua, namba za mwisho zifunike, iache dukani wakuuzie kwa asilimia, ikikaa miezi minne mitano isikusumbue.

Ya silinda siijadili kwa urefu. Siyo ya kwako. Kwenye makaratasi labda, ila umesema mke ndo anaitumia, sasa utamuuzia mtu kitu anachokiamini nyumba ibaki na nini? Tena kwa hela ipi. Kama ukifungua silinda ukakuta imeandikwa MOD 10, yaani Model 10, na mtutu umepigiliwa kipini kwa juu basi ni ya kabla ya 1982, ni chuma kizuri sana, ila walizitengeneza nyingi na polisi wa Marekani walikuja kuzimwaga sokoni kwa wingi walipohamia bastola za magazini, kwa hiyo uzee wake peke yake haukupi utajiri. Hiyo ibaki mpaka wiki ya kufunga mizigo.

Ruger ya .22 endelea kupigia shabaha, risasi zake ndo rahisi kuliko zote. Siku ukiiuza iuze ikiwa safi na imefungwa kabisa maana Mark III kuifungua siyo shida, kuirudishia ndo watu wanaapa, ndo maana walipotoa toleo lililofuata, Mark IV, 2016 wakaiwekea kitufe kimoja tu cha kuifungua.

Kuhusu wa kumuuzia, sheria ya huko hairuhusu kumpa mkononi mtu wa jimbo lingine, lazima ipitie duka lenye leseni ya serikali kuu upande wa mnunuzi, ajaze ile fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha na achunguzwe kwanza. Majimbo mengine pia hayataki magazini ya zaidi ya risasi 10, ya Browning yako ina 13, uliza kabla hujatuma. Hata kwa mtu wa hapohapo Texas mi ningepitia duka, ada ni ndogo na unabaki na karatasi inayosema tarehe fulani silaha hii ilitoka mikononi mwangu. We mtu wa kuhama, hiyo karatasi unaihitaji kuliko mwenyeji.

Kuja nayo nyumbani sikushauri. Huku tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ya huko Texas haina maana yoyote ukishuka uwanjani, unatakiwa uwe na kibali cha kuingiza na leseni ya hapa kabla silaha haijaondoka huko, na huko nako kuitoa nje kuna taratibu zake. Watu wameozea ndani kwa sababu ya kitu walichosahau chini ya sanduku. Tena hata ungepewa vibali vyote, upepo wa chumvi wa hapa Raskazone mi naona unavyonitafunia mashine za boti zenye rangi nzito, sembuse hiyo rangi nyembamba ya Browning.

Nitumie picha ya ubavu wa kushoto na ya mtutu ukiwa nje, na kama yule mjane alikupa na boksi au karatasi yoyote ya mumewe, ipige picha pia.