Joto la chumba si joto la Sinza

Shemeji yangu anaishi Lyon. Mwaka juzi aliniletea chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Kifaransa, Morgon Côte du Py ya mkulima Jean Foillard, kaziviringisha kwenye khanga katikati ya begi. Ya kwanza niliiua mwenyewe. Niliiweka juu ya friji kuanzia Desemba hadi Februari, nikingoja siku ya maana. Siku yenyewe ilipofika, kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kidogo, shingo ya chupa inanata. Nikaonja: jamu iliyoungulia. Ikaishia kwenye sufuria ya nyama.

Juu ya friji pana joto kuliko mahali pengine pote jikoni, hilo nalijua leo. Lakini mvinyo huu una udhaifu wake pia, na ndio huohuo unaoufanya uwe mtamu kuunywa. Foillard alichukua shamba la familia mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafuata mafundisho ya Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mkemia, pamoja na wenzake wa Morgon kama Marcel Lapierre. Vichala vinaingia tangini vizima, bila kupondwa. Hamira ni ileile iliyokuja na zabibu kutoka shambani. Salfa, ile dawa inayolinda mvinyo usiharibike njiani, haongezi, au anaweka kiduchu. Chupa ya namna hiyo haina mlinzi. Ichukulie kama maziwa mabichi.

Ukinunua, soma lebo yote. Côte du Py ni kilima cha pale Villié-Morgon, mwamba wa kibuluu wenye chuma uliochakaa hadi wenyeji wakauita mwamba uliooza. Wakulima wengi wana vipande vyao pale, kwa hiyo jina la kilima peke yake halitoshi. Tafuta na la mkulima. Na usishangae usipoona neno Beaujolais, jina la mkoa wenyewe: Morgon ni moja ya sehemu 10 za mkoa huo zenye haki ya kutumia jina lao wenyewe. Zabibu ni gamay, ileile ambayo mtawala wa Burgundy aliamuru ing'olewe kwake mwaka 1395. Alikosea, kwa maoni yangu.

Sasa lile la kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwenye "joto la chumba". Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ufaransa ya zamani, nyuzi 16 au 17. Sebuleni kwangu hapa Sinza, Dar es Salaam, saa nne usiku mwezi wa pili, kipimajoto kinasoma 30. Ukiunywa hivyo, pombe inakupanda puani na tunda hulisikii. Huu wa gamay unataka nyuzi 14 au 15. Tia chupa kwenye ndoo ya barafu na maji, robo saa hivi. Barafu tupu haifanyi kazi haraka, maji ndiyo yanayoizunguka chupa. Mimina kidogo kidogo, maana glasi nayo inapata joto mkononi.

Chupa ya pili niliilaza ndani ya friji, chini kwenye droo ya mboga, kisha tukainywa na mishkaki ya ng'ombe isiyo na pilipili nyingi. Cheri, na kwa mbali harufu ya udongo uliolowa. Jirani aliyekuja na soda yake aliiacha nusu.

Shemeji nimemwambia safari hii aje Julai.