Umeitwa kwenye bodi ya shirika la dawa? Anzia stoo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chumbageni alinipigia simu. Ameombwa aingie kwenye bodi ya shirika lisilo la faida linalosambaza dawa kwenye zahanati za vijijini, na alitaka kujua kama akubali. Nikamwambia asijibu chochote mpaka awe ameingia stoo yao. Alishangaa, maana alitegemea nimuulize habari za katiba na wafadhili. Hayo nitayafikia. Ila mimi huanzia stoo, na sababu yangu ni friji.

Mimi si mfamasia. Nimefundisha hesabu sekondari hapa Tanga miaka mingi, na nilipostaafu nikaombwa ujumbe wa bodi kwenye shirika la namna hiyohiyo. Jina lake silitaji. Miaka miwili ya mwanzo kila mtu aliniona mjumbe mzuri. Nilifika kabla ya saa nne, makabrasha nimeyasoma, na kalamu nyekundu nimeipitisha kila palipo na jumla isiyokaa sawa. Kila robo mwaka taarifa ya mtendaji ilikuwa na mstari mmoja: mnyororo baridi, yaani utunzaji wa dawa kwenye ubaridi tangu stoo mpaka zahanati, uko vizuri. Tunaupokea, tunasonga mbele.

Siku moja kikao kikachelewa. Akidi haijatimia, wajumbe watatu bado wako njiani kutoka Dar. Nikashuka stoo. Kijana anayeitunza nilimfundisha kidato cha pili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, kazi zaendaje?"

Nikasimama mbele ya friji la dawa. Mlangoni palibandikwa karatasi kwa selotepu, safu moja ya asubuhi na moja ya jioni. Nyuzi 4. Nyuzi 4. Nyuzi 4. Mwezi mzima, wino mmoja, mwandiko umelalia upande mmoja. Ukishasahihisha madaftari miaka mingi, unaijua namba iliyopimwa na namba iliyoandikwa kwa mkupuo. Iliyopimwa hupanda na kushuka. Tena katikati ya mwezi ule kulikuwa na Jumanne ambayo Ngamiani tulishinda bila umeme tangu alfajiri mpaka baada ya isha. Naikumbuka kwa samaki walioniharibikia. Stoo iko mtaa wa pili kutoka kwangu, na haina jenereta. Kwenye karatasi, Jumanne ile nayo ilikuwa nyuzi 4.

Nikafungua mlango. Kioo cha kipimajoto kilikuwa kimepasuka.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mwezi wa tatu, mwalimu. Niliomba kingine, nikaambiwa fungu la matengenezo bodi imelikata."

Bodi ni sisi. Siku ile ya kulikata nilikuwepo na mkono niliunyoosha. Tulitaka gharama za uendeshaji zionekane ndogo ili wafadhili wafurahi, basi fungu lisilo na mtetezi mezani ndilo lililokwenda.

Ndani ya friji lile mlikuwa na oksitosini, sindano anayochomwa mama baada ya kujifungua ili damu isimwagike kupita kiasi. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto inapungua nguvu, lakini rangi haibadiliki, wala harufu. Mkunga wa zahanati ya Mkinga ataivuta kwenye bomba la sindano usiku wa manane, atamchoma mama, kisha atasubiri damu ikate. Hana namna ya kujua kwamba dawa ile ilishachoka kabla ya kutoka mjini. Nilipopanda tena ukumbini nilishindwa hata kufungua makabrasha.

Siku ile hatukufika ajenda ya pili. Boksi zote zilitengwa, zahanati zilizopelekewa zikapigiwa simu moja baada ya nyingine, taarifa ikaandikwa TMDA, mamlaka ya serikali inayodhibiti dawa, na akiba ikaguswa kununua sindano nyingine. Wajumbe wawili walitaka kijana afukuzwe. Nilikataa, na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi. Alifanya kosa kuandika namba za uongo, kweli, akapewa onyo kwa maandishi. Lakini kabla ya uongo aliomba kifaa, na ombi lake lilifia kwenye meza yetu.

Kwa hiyo, dada yangu, ukikubali kiti hicho, omba nusu saa ya stoo kabla ya kila kikao. Chagua dawa moja wewe mwenyewe, usichaguliwe. Hesabu boksi kwa mkono, ulinganishe na kadi ya stoo. Geuza boksi usome tarehe ya kuisha muda, kisha utazame lililo mbele na lililo nyuma, maana inayoisha mapema ndiyo inayotakiwa itoke kwanza. Ukikuta ya mwakani imewekwa mbele na ya mwezi ujao imejificha ukutani, hapo una swali la kumuuliza mtendaji. Umuulize kwa adabu. Stoo si yako kuiendesha, na mjumbe anayempigia mtunza stoo simu kila siku kumpa maagizo anaharibu kazi. Kazi yako ni kuona, kuuliza kikaoni, na kuhakikisha jibu linaingia kwenye muhtasari.

Jambo la pili linawachanganya wengi: hilo neno "lisilo la faida". Wajumbe wapya hudhani maana yake ni kugawa bure, au kuuza kwa bei ileile ya kununulia. Sivyo. Maana yake ni kwamba ziada haigawanywi kwa wenye shirika, inarudi kazini. Pale Kenya, makanisa yalianzisha MEDS, shirika la kusambaza dawa, mwaka 1986 ili hospitali zao zipate dawa za uhakika, na linauza, haligawi. Dawa ikiuzwa bila nyongeza yoyote, mzigo unaofuata utanunuliwa kwa nini? Usafiri unapanda, shilingi inashuka, boksi mbili tatu zinaharibika, na mtaji unayeyuka kila mzunguko. Uliza nyongeza ni asilimia ngapi, nani aliipanga na inalipia nini. Uliza pia zahanati zinadaiwa kiasi gani na deni la zamani kabisa lina umri gani. Madeni ndiyo yanayoua mashirika haya kimyakimya, kwa sababu hakuna anayetaka kumbana sista au shehe mwenye zahanati.

Misaada ya dawa kutoka nje ipokee kwa moyo mkunjufu, lakini kwa macho mawili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imehitajika na anayepokea, na ikifika nchini iwe imebakiza walau mwaka mmoja. Bodi ikubali kusema hapana. Dawa iliyoisha muda haitupwi jalalani, inateketezwa kwa usimamizi na kwa gharama, na gharama hiyo mtoa msaada hailipi.

Mgongano wa maslahi sitauzunguka. Kama wewe, mumeo au kaka yako ana duka la dawa la jumla, liandike kwenye fomu siku ya kwanza, na zabuni ikijadiliwa toka nje ya chumba. Kunyamaza tu umo ndani hakutoshi. Watu wa Tanga tunajuana. Ukikaa pale umekunja mikono, nani atathubutu kusema bei ya kaka yako iko juu?

Halafu tazama nani hayupo mezani. Sisi tulikuwa na daktari, wakili, mhasibu, padri, shehe na mimi, wote watu wa mjini. DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, lilianzishwa mwaka 2003, na kwenye bodi yake lilitenga kiti cha kuwakilisha wagonjwa. Mojawapo ya dawa walizofanikisha ni feksinidazoli, vidonge vya malale vinavyomezwa siku 10. Kabla yake kulikuwa na sindano ya melasoproli yenye asili ya aseniki, ambayo ni sumu, iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Aliyeona ndugu yake akichomwa sindano ile hauoni ugonjwa kwa jicho la mhasibu. Sisi tulimwingiza mkunga mstaafu wa Pangani. Kikao chake cha kwanza aliuliza kwa nini mzigo unafika Ijumaa jioni, wakati mpokeaji ameshafunga na boksi linalala juani mpaka Jumatatu. Miaka yote hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.

Katiba, cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, kibali cha Baraza la Famasi cha jengo na jina la mfamasia msimamizi, viombe vyote kabla hujatia saini. Wakisita kukupa, umeshapata jibu lako.

Posho ya kikao? Nauli tunapewa, na chai. Ukiona posho ya kikao kimoja inazidi bei ya kipimajoto cha friji, ulizia.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi saa nne. Saa tatu na nusu nitakuwa stoo na daftari langu, na nimemwambia dada wa Chumbageni aje aone.